Nilimwonyesha Ghorofa ya Tatu Siku ya Jumapili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na kama tumelingana umri basi nisamehe, maana sauti yako humo gazetini ni ya mtu aliyekula chumvi nyingi. Nakuomba unisaidie kabla ya Jumatano ijayo, tena nasema Jumatano kwa sababu ikipita hiyo sitakuwa na haja ya ushauri, nitakuwa nimeshafanya nitakachofanya, kilichobaki ni kuishi nacho.

Mimi ni dalali. Usiikunje barua, Shangazi, nisikilize kwanza. Si dalali wa vyumba vya kulala wala wa viwanja, mimi napangisha ofisi na maduka, yaani ukiona ghorofa ina bango la kupangishwa, halafu siku moja ukapita ukakuta imejaa meza na watu wenye vitambulisho shingoni, ujue hapo katikati alipita mtu kama mimi mwenye viatu vilivyokwisha visigino. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Zamani nilikuwa mapokezi kwenye kampuni ya bima, napokea simu na kumwagilia maua, nikawa nawaona madalali wanaokuja kumwonyesha mkurugenzi wetu michoro ya ofisi mpya, wanavyoongea naye bila kuogopa, nikajiambia hii kazi naiweza, nikaacha mshahara nikaingia barabarani. Mama yangu hajanisamehe mpaka leo. Jirani akimuuliza binti yako siku hizi anafanya nini, anajibu "yuko mjini," kana kwamba mjini ni kazi, kwa sababu kwake yeye dalali ni mtu anayekuuzia nyumba ya mwenzako.

Lakini nimejituma, Shangazi, sijisifu ila nisipojisifu mimi nani atanisifu. Nina daftari ambalo nimeandika kila jengo la katikati ya mji, ghorofa kwa ghorofa, nani yumo, mkataba wake unakwisha lini, lifti inakwama mara ngapi kwa wiki, maji yanapanda mpaka wapi, na haya sikuyapata kwa wenye majengo maana wao kila ukiwauliza ni shwari tu, niliyapata kwa walinzi na kina mama wa usafi, ambao nawasalimia na kuuliza hali za watoto wao, na si kwa unafiki, tumeshakuwa ndugu. Nimejiwekea kwamba kabla sijafika miaka thelathini na mitano nitakuwa na ofisi yangu, mlangoni pameandikwa jina langu, na mama nitamkalisha kwenye kiti cha wageni ajionee mwenyewe huko mjini niliko.

Aliyenifundisha kazi ni bosi wangu, tunamwita Mzee Funguo kwa ajili ya lile rundo la funguo kiunoni, unalisikia likishuka ngazi kabla hujamwona yeye. Somo lake la kwanza lilikuwa hili, kwamba kila jengo lina saa yake nzuri na dalali asiyejua saa ya jengo atakufa njaa. Jengo linalopigwa na jua la jioni, lionyeshe asubuhi. Lenye lifti ya kusuasua, lionyeshe saa tano, watu wakiwa wameshapanda. Lenye bomba la choo linalotoa harufu, lionyeshe siku ya kwanza baada ya kina mama kupiga deki. "Huo si uongo, binti," aliniambia, "hata wewe ukienda kupiga picha unachana nywele kwanza." Nilicheka, nikaona ni kweli, nikachora safu nyingine kwenye daftari langu, juu yake nikaandika "saa nzuri," na nikaijaza jengo kwa jengo. Moja tu lilinishinda, ghala la zamani la vitabu kule mtaa wa nyuma, kuta zake nene hazina dirisha hata moja la barabarani, mwanga wote unatoka uani, lina mwaka wa pili halina mpangaji na mwenyewe ananipigia simu kila wiki kunibembeleza. Mteja wa mwisho niliyempeleka alisimama katikati akasema humu ndani nasikia hata saa yangu ya mkononi, akatoka nje mbio. Hilo kwenye safu ya saa nzuri nimeliandikia "hakuna."

Sasa nikuingize kwenye jambo lenyewe. Kuna jengo moja zuri sana, vigae vipya, madirisha mapana, lifti ina kioo mpaka unajipenda, ila ghorofa ya tatu imekaa tupu mwaka na kitu, na sababu naijua, nyuma yake ukuta kwa ukuta kuna karakana ya mageti na madirisha ya chuma. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi hadi jioni, mle wanakata vyuma, na ile mashine ikilia ghorofa ya tatu meno yanakuuma. Saa nzuri ya ghorofa hiyo ni Jumapili. Mwenye jengo ana majengo matatu, akaniita akaniambia, nijazie ghorofa ya tatu kabla mwezi haujaisha, na kuanzia hapo majengo yangu yote matatu dalali ni wewe peke yako. Shangazi, majengo matatu! Katika kazi yetu huo si mkataba, huo ndio mlango wa ofisi yangu umeshafunguliwa nusu.

Wiki ileile akaja mteja. Mwanamke wa makamo, anaongea polepole, anaandika kila kitu. Kazi yake ni kupima masikio ya watoto, kujua yupi anasikia na yupi hasikii. Nilimpeleka Jumapili saa nne asubuhi. Ndani ya lifti nikamuuliza tu ya kupitisha muda, ilikuwaje ukaingia kwenye kazi hiyo, akaniambia mdogo wake wa kike alikuwa anaadhibiwa shuleni kila siku, anaitwa mwenye kiburi, ameitwa haitiki, ameambiwa simama hasimami, mpaka anafika darasa la sita ndipo mtu mmoja akagundua kwamba mtoto hana kiburi chochote, hasikii. Alivyosimulia hakulia, ila mimi nilitazama pembeni. Tukafika juu, akaipenda, akasimama dirishani, halafu akaniuliza, "Hapa kuko kimya hivi siku zote?" Nami nikamjibu, "Si unasikia mwenyewe?"

Hivyo tu. Nakuapia sikusema ndiyo, wala sikusema kuko kimya, nilimwambia si unasikia mwenyewe. Akatabasamu akaandika kwenye karatasi yake.

Tangu siku hiyo chakula hakinipandi. Ameshatoa notisi anakopanga sasa, chumba chake kimeshapata mtu, mwisho wa mwezi anatakiwa awe ametoka, na mkataba na mwenye jengo wanatia saini Ijumaa ya wiki ijayo. Jana akanipigia, akasema Jumatano saa nne asubuhi anakuja na seremala apime mahali pa kuweka vile vibanda vya kupimia watoto. Jumatano, Shangazi! Nikamkimbilia Mzee Funguo. Hata hakuinua kichwa. Akasema, "Nenda kwa fundi mkuu wa karakana, mpe kitu kidogo azime mashine kwa saa moja. Akishasaini, hayo ni yake na mwenye jengo. Na kelele mtu huzoea." Nikaenda. Fundi akacheka mpaka akavua miwani, "Saa moja tu? Kwani humo ndani mnafungisha ndoa?" Amekubali. Ananisubiri mimi tu nimpe uhakika siku ya Jumanne.

Nikisema ukweli, majengo matatu yamekwenda, Mzee Funguo atanitimua, mama atapata la kusema, na huyo mteja mwenyewe nitamwacha hana pa kwenda na notisi ameshatoa. Nikinyamaza, nimeukata. Na mimi nimefunga kibwebwe, Shangazi, hii kazi siiachi, hata mkinisema. Niambie tu, dalali anaweza kufika juu bila kufanya haya? Au ndiyo kazi yenyewe na mimi ndiye mwenye roho nyepesi?

Mimi binti yako,
Dalali wa Ghorofa ya Tatu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Chumvi nimekula kweli, na sasa daktari ameipiga marufuku, kwa hiyo nina hasira kidogo. Vumilia.

Umeandika Alhamisi, leo ni Jumatatu, ziara ni Jumatano. Muda wa kubembelezana hatuna.

Kwanza huo msemo wako wa "sikusema ndiyo." Hebu acha! Hilo "sikusema" umelirudia mara mbili ndani ya sentensi moja, na mtu asiye na hatia hajirudii hivyo. Yule mwanamke aliuliza swali moja tu, tena lile lile ambalo riziki yake yote imelikalia, na wewe jibu ulikuwa nalo, limeandikwa kwa mkono wako kwenye daftari lako. Ukamrudishia swali kwa swali. Ulimdanganya, binti yangu, na ulimdanganya kwa ustadi, ndiyo maana chakula hakipandi. Afadhali hakipandi. Kingekuwa kinapanda nisingekujibu.

Hayo nimeyasema, sasa nikupe haki yako. Barua yako nimeisoma mara tatu na nimekupenda. Mtu anayejua lifti inakwama mara ngapi kwa wiki, anayejua watoto wa mama wa usafi wana hali gani, huyo hana roho nyepesi. Umeacha kiti cha kuzunguka ukaenda kumaliza visigino juani kwa sababu uliamini unaweza. Unaweza. Wala sitakuambia urudi mapokezi ukamwagilie maua, na mama yako akinisoma ajue hivyo.

Tuje kwa Mzee Funguo. Mzee huyo amekufundisha kazi, mheshimu. Kuchana nywele kabla ya kupiga picha ni sawa kabisa, hata mimi picha yangu hapo juu ya ukurasa huu nilikaa saluni saa mbili nzima. Lakini kumpa jirani kitu kidogo anyamaze ili mgeni asisikie, hapo hujachana nywele, hapo umepeleka picha ya mtu mwingine. Anasema kelele mtu huzoea. Mhasibu atazoea, wakili atazoea. Huyu anapima masikio! Hilo mzee amelisahau kwa sababu yeye anaangalia ghorofa, haangalii mpangaji, na ukitaka kumzidi mwalimu wako mzidi hapo hapo.

Hebu nenda mbele miezi miwili. Mtoto wa miaka minne amekaa kwenye kibanda, amewekewa vidude masikioni, ameambiwa ukisikia kikengele nyanyua mkono. Kikengele kinalia kidogo sana, kama inavyotakiwa. Nyuma ya ukuta mashine inakata geti. Mtoto hanyanyui mkono. Mama yake yuko pembeni anaangalia, na mpimaji anaandika. Anaandika nini, mwanangu? Yule mdogo wake wa kike alipoteza miaka sita kwa sababu watu wazima walimpima vibaya. Wewe unataka kumkodishia dada yake mahali pa kuwapima vibaya watoto wa wenzake, kwa mkataba wa miaka, umetiwa saini, na chini pana jina lako. Lile jina unalotaka kuliweka mlangoni. Watu watalijua, usiwe na wasiwasi. Mteja aliyedanganywa hana kazi nyingine ila kulisambaza.

Basi sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu huu.

Ukimaliza kusoma hapa, weka gazeti chini, mpigie simu. Usitume ujumbe wa maandishi, maana huko utajificha tena. Mwambie, "Ile Jumapili uliniuliza kama kuko kimya siku zote, nikakukwepa. Hakuko kimya. Nyuma kuna karakana ya vyuma." Halafu nyamaza umsikilize. Atakasirika, tena atakasirika sana, ana notisi mkononi na tarehe ya kutoka. Usijitetee. Usimtaje bosi, usimtaje mwenye jengo, uliyejibu pale dirishani ni wewe. Akimaliza mwambie kuna mahali pengine ungependa apaone, na kwamba safari hii saa achague yeye.

"Mahali gani, Shangazi?" Ee mwanangu, kweli hujaona? Umeniandikia mwenyewe! Kuta nene. Hakuna dirisha la barabarani. Mwanga unatoka uani. Mteja akisimama katikati anasikia saa yake ya mkononi. Mwaka wa pili huu unalibeba jengo hilo kwenye daftari ukiliona mkosi, kwa sababu kila uliyempeleka alikuwa anataka kuonekana barabarani. Huyu hataki kuonekana, anataka kusikia. Mimi sijui lolote kuhusu majengo, mimi nakaa chumba kimoja na mashine ya kahawa iliyoharibika, na nimeliona nikiwa nakunywa chai. Wewe hukuliona kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye majengo matatu.

Kabla hujampeleka, mpitie mwenye ghala. Mtu anayekubembeleza kila wiki atakubali kupaka rangi, atakubali kuongeza taa, na atakubali mpangaji aingie kabla mwezi haujaisha. Kamwombe yote hayo kwa niaba ya mteja wako, ndiyo kazi yako. Seremala aje huko huko Jumatano, safari yake isipotee. Na mwambie mteja ukweli wa ghala nalo, kama dari linavuja au choo kiko mbali sema, usinihamishie uongo kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Akilikataa, atakuwa amelikataa akijua, na wewe utaendelea kuzunguka naye mpaka apate. Deni hilo unalo.

Kwa fundi wa karakana pita, umwambie Jumatano mashine zilie tu, ndoa imeahirishwa.

Halafu upande kwa mwenye jengo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Usiende na machozi. Nenda na daftari. Mwambie ghorofa yake haijakosa mpangaji, imekosa mpangaji mwenye kelele zake mwenyewe. Chuo cha ushonaji chenye vyerehani thelathini. Ukumbi wa mazoezi wanakofungulia muziki mpaka madirisha yanatikisika. Mtu wa kuchapa mabango. Hao karakana hawataisikia, pengine karakana ndiyo itakayolalamika. Wewe unajua mikataba ya mji mzima inakwisha lini, niambie kweli hamna mtu wa namna hiyo anayetafuta mahali sasa hivi? Akikuongezea muda, vizuri. Akikunyang'anya, ni mtu aliyetaka umdanganyie watu katika majengo matatu badala ya moja, na huyo angekumaliza mapema.

Mzee Funguo mwambie ana kwa ana, kwa adabu, kabla ya yote haya kumfikia. Anaweza kukutimua, sikufichi. Kama atakutimua, mwachie funguo zake, daftari ni lako. Hakuna mwajiri anayeweza kukuvua ulichokijua kwa miguu yako. Utaanza upya ukiwa na mteja mmoja anayeweza kusema "huyu aliniambia kabla sijasaini," na katika kazi yenu nadhani watu wa kusemewa hivyo si wengi.

Uliniuliza kama dalali anaweza kufika juu bila kufanya haya. Sijui utafika lini. Najua kwamba ukifika kwa njia ile nyingine, siku utakayomkalisha mama yako kwenye kiti cha wageni, kila mlango ukigongwa utashtuka ukidhani ni yule mpimaji.

Haya. Chukua daftari, fungua ukurasa wa ghala la vitabu, nenda kwenye safu ya saa nzuri. Hapo palipoandikwa "hakuna," futa, uandike "saa zote." Kisha mpeleke siku anayotaka yeye, saa anayotaka yeye. Fungua mlango, msimame katikati wote wawili. Akikuuliza kama hapo kuko kimya hivi siku zote, safari hii mjibu.